Jean-Claude Gaudin wa Marseille: mkoa, Seneti na umeya wa miaka 25. Nguvu yake ilitoka wapi?

#1 Mchambuzi wa Kura
Wakuu, habari za jioni. Naomba tumchambue Jean-Claude Gaudin, yule mzee wa Marseille aliyefariki tarehe 20 Mei 2024 akiwa na miaka 84. Vyeo vyake kwa ufupi: mbunge 1978 hadi 1989, rais wa mkoa wa Provence-Alpes-Côte d'Azur (PACA) 1986 hadi 1998, seneta 1989 hadi 1995 na tena 1998 hadi 2017, waziri 1995 hadi 1997, meya wa Marseille Juni 1995 hadi Julai 2020. Juu ya hapo aliongoza jiji-unganishi (muungano wa Marseille na manispaa jirani) la Aix-Marseille-Provence tangu lilipoanza 2016 hadi 2018.

Dai langu: huyu mtu aliinuliwa na mabaraza kuliko wananchi. Mkoa alipewa na madiwani wa mkoa, Seneti alipewa na wajumbe, na hata umeya Ufaransa hupigiwa kura na madiwani. Anayepinga aje na hoja, matusi abaki nayo kwake.

#2 Kalamu Nyekundu
Anza na 1986, mengine yote yalifuata hapo. Tarehe 16 Machi 1986 ndiyo mara ya kwanza wananchi wa Ufaransa nzima walichagua madiwani wa mikoa moja kwa moja. Kanuni ilikuwa uwiano kwa kila departementi (kitengo cha utawala ndani ya mkoa), kizingiti asilimia 5, na aliyeongoza hakupewa viti vya nyongeza. Matokeo: PACA hakuna aliyepata wingi. Gaudin akakaa mezani na Front National (FN), chama cha kulia kikali cha Jean-Marie Le Pen, akawapa nafasi za makamu wa rais wa mkoa, nao wakampa kiti. Utetezi wake siku zote ulikuwa kwamba aliwazuia wasoshalisti na wakomunisti. Sawa, lakini bili ililipwa.

#3 Fundi Hesabu
#2 umeeleza vizuri ila umeruka hatua muhimu. Rais wa mkoa huchaguliwa na madiwani kwa raundi tatu. Mbili za kwanza zinataka wingi kamili, yaani nusu ya wajumbe wote na zaidi. Ya tatu anayeongoza tu anapita, na wakilingana anachukua mwenye umri mkubwa. Kwa hiyo kisheria hakulazimika kuwapa FN chochote, angeweza kusubiri raundi ya tatu. Alichokuwa akinunua ni bajeti: ukiwa rais wa wachache, kila mwaka bajeti yako iko rehani. Hapo ndipo mapatano yalipokuwa na thamani.

#4 Kalamu Nyekundu
Raundi ya tatu ingempa nini kama upande wa kushoto wangekuwa mbele yake? Kusubiri ni rahisi kwa anayejua ataongoza.

#5 Pwani Yetu
Na msisahau kwamba mwaka 1992 alibaki na mkoa, uchaguzi ambao Bernard Tapie, mwenye klabu ya mpira ya Marseille, na Le Pen mwenyewe wote walikuwa na orodha zao huko PACA. Mwaka 1998 akaupoteza kwa Michel Vauzelle, msoshalisti. Mwaka huohuo 1998 wenzake wa kulia mikoa mingine walichaguliwa kwa kura za FN: Charles Millon Rhône-Alpes, Jacques Blanc Languedoc-Roussillon, Charles Baur Picardie, Jean-Pierre Soisson Bourgogne. Fujo ile ndiyo iliyowafanya wabadili sheria, na tangu 2004 orodha inayoongoza mkoa hupewa robo ya viti vyote kama nyongeza. Mapatano ya aina ya 1986 hayana soko tena.

#6 Mjumbe Mstaafu
Tuje Seneti, maana mleta uzi kaitaja bila kueleza mashine inavyofanya kazi. Seneti ya Ufaransa ina maseneta 348, muhula miaka 6, nusu yao wanabadilishwa kila miaka 3. Wananchi hawapigi kura. Wanaopiga ni wabunge, maseneta, madiwani wa mkoa, madiwani wa departementi, na wajumbe wa mabaraza ya komine (manispaa za miji na vijiji). Hao wa mwisho ni kama asilimia 95 ya wapiga kura wote.

Idadi ya wajumbe inategemea ukubwa wa baraza:
- baraza la watu 7 hadi 11: mjumbe 1
- watu 15: wajumbe 3
- watu 19: wajumbe 5
- watu 23: wajumbe 7
- watu 27 au 29: wajumbe 15
- komine yenye wakazi 9,000 na kuendelea: madiwani wote ni wajumbe
- inayozidi wakazi 30,000: madiwani wote, na juu yake mjumbe 1 wa ziada kwa kila wakazi 800 waliozidi hao 30,000

Kupiga kura ni lazima. Asiyetokea bila sababu analipa faini ya euro 100.

#7 Chopa
Wajumbe si watu wazuri, hiyo tunaijua Dodoma hadi Paris 😂

#8 Fundi Hesabu
Tuipige hiyo hesabu ya #6 kwa Marseille. Chukua wakazi 870,000, toa 30,000, gawa kwa 800: wajumbe wa ziada 1,050. Ongeza madiwani 101 wa wakati huo. Zaidi ya wajumbe 1,100 kutoka komine moja, ndani ya departementi ya Bouches-du-Rhône yenye komine 119. Na hao wa ziada wanateuliwa na nani? Na baraza la jiji, kwa uwiano wa vikundi vilivyomo. Mwenye wingi barazani ndiye anayejaza basi: makada wa chama, wenyeviti wa vyama vya mitaa, wastaafu waaminifu. Ukiwa meya unajitengenezea wapiga kura wako wa Seneti.

#9 Kalamu Nyekundu
Kiwango cha 1 kwa 800 kililetwa na sheria ya Agosti 2013. Kabla yake kilikuwa 1 kwa 1,000. Kwa hiyo hesabu yako inafaa uchaguzi wa 2014 peke yake. 1998 na 2008 weka wajumbe pungufu. Halafu 1989 Gaudin hakuwa meya, ndiyo kwanza ameshindwa vibaya Marseille mwezi Machi, na Septemba akapata useneta. Mashine ya umeya ilikuwa kwa mwingine.

#10 Fundi Hesabu
Hata kwa 1,000 bado unapata wajumbe wa ziada 800 hivi, hoja inasimama. Kuhusu 1989: Bouches-du-Rhône hupiga kwa orodha na uwiano kwa sababu ina maseneta wengi. Kinara wa orodha kuu ya kulia anahitaji sehemu ndogo tu ya kura ili apite. Komine za pembeni za mrengo wa kulia zilimtosha. Mwenye kushinda kwa uwiano hahitaji kupendwa na wote.

#11 Mchambuzi wa Kura
Ahsanteni #6 na #8, hapo ndipo nilipotaka tufike. Swali la nyongeza: kwa nini ana pengo la 1995 hadi 1998 Seneti?

#12 Mjumbe Mstaafu
Uwaziri. Novemba 1995 aliingia serikali ya pili ya waziri mkuu Alain Juppé, akishika mipango ya maeneo, miji na ujumuishaji wa wahamiaji. Katiba hairuhusu waziri kukaa bungeni, na wakati ule ukitoka nafasi yako inachukuliwa moja kwa moja. Rais Chirac akavunja Bunge 1997, kulia wakaanguka, Gaudin akabaki bila kiti Paris hadi Septemba 1998. Marekebisho ya Katiba ya 2008 ndiyo yaliyomwezesha waziri anayeondoka kurudi kwenye kiti chake.

Angalieni jambo lingine hapo: kuanzia Novemba 1995 hadi Juni 1997 alikuwa waziri, meya wa jiji la pili la Ufaransa na rais wa mkoa kwa wakati mmoja. Sheria ya 1985 ilizuia zaidi ya vyeo viwili vikubwa vya kuchaguliwa, na uwaziri hauhesabiwi humo.

#13 Pwani Yetu
Na huo uwaziri haukuwa wa mapambo. Sheria ya Novemba 1996 ilianzisha maeneo huru ya kodi mijini, 44 nchi nzima. Kampuni yenye wafanyakazi wasiozidi 50 ikifungua shughuli humo inasamehewa kodi na michango ya jamii kwa miaka 5, kwa masharti ya kuajiri watu wa hapohapo. Moja lilikuwa kaskazini ya Marseille, kwenye tarafa za 15 na 16. Waziri anachora ramani, meya anapokea. Kama kuna aliyesikia mgongano wa maslahi, basi alisikia peke yake.

#14 Mwalimu wa Jioni
Mmekwenda mbali mkamruka Gaston Defferre, meya wa Marseille hadi 1986, na bila yeye hamumwelewi Gaudin. Gaudin, mtoto wa fundi mwashi wa mtaa wa Mazargues na mwalimu wa historia na jiografia katika shule ya Kikatoliki, aliingia baraza la jiji 1965 akiwa na miaka 25, kwenye orodha ya Defferre! Defferre alikuwa msoshalisti, lakini alitawala pamoja na watu wa kati na kulia ili kuwafungia mlango wakomunisti. Gaudin alijifunza kazi humo.

Halafu 1982 Defferre ni waziri wa mambo ya ndani. Anapitisha sheria ya Machi 1982 ya ugatuzi, inayoipa mikoa nguvu. Disemba mwaka huohuo inapita sheria ya Paris, Lyon na Marseille, inayokata miji hiyo kwa sekta, kila moja ikichagua madiwani wake. Machi 1983 Gaudin anagombea umeya dhidi yake. Orodha za Gaudin zinapata kura nyingi zaidi jiji zima, Defferre anapata madiwani wengi zaidi. Sekta zilikuwa sita, na zilikatwa na aliyejua anakata nini. Kwa hiyo sheria moja ya Defferre ilimnyima Gaudin jiji, na nyingine ikampa mkoa miaka mitatu baadaye.

#15 Chopa
Yaani mzee kashindwa kwa kushinda. Halafu mnasema demokrasia ilizaliwa huko.

#16 Fundi Hesabu
#14 hapo umegusa penyewe. Mwaka 1987 serikali ya kulia ikaichora upya ramani ya sekta: tarafa 16 zikaunganishwa mbilimbili, sekta 8, madiwani 101. Kuanzia sekta ya 1 hadi ya 8 viti ni 11, 8, 11, 15, 15, 13, 16, 12. Ndani ya kila sekta orodha inayoongoza inachukua nusu ya viti kwanza (ikiwa na nusu inapanda juu), vinavyobaki vinagawanywa kwa uwiano kati ya zote zilizofika asilimia 5, yenyewe ikiwemo.

Sasa 2008. Gaudin madiwani 51, kambi ya msoshalisti Jean-Noël Guérini 49, FN 1. Sekta iliyoamua ni ya 3, tarafa za 4 na 5, yenye viti 11. Zikibaki orodha mbili, moja asilimia 51 na nyingine 49: nusu ya 11 ni 5.5, inakuwa 6 za mshindi. Zinabaki 5, uwiano unampa 3 na mwenzake 2. Jumla 9 kwa 2. Geuza matokeo ya sekta hiyo na viti 7 vinahama: 51 inakuwa 44, na 49 inakuwa 56. Kura mia chache katika tarafa mbili, na Guérini angekuwa meya.

#17 Kalamu Nyekundu
Na wiki chache baadaye kibao kikageuka. Jumuiya ya miji ya Marseille, ile yenye maji, taka, barabara na bandari ndogo, upande wa kulia walikuwa na wingi kwenye karatasi. Kura ikapigwa kwa siri, Renaud Muselier, mgombea wa kulia, akaanguka, akapita Eugène Caselli wa kushoto. Watu wake wenyewe ndio waliompiga. Mnaosema Gaudin alikuwa bwana wa mabaraza, hiyo mnaiweka wapi?

#18 Mjumbe Mstaafu
Aliyeanguka ni Muselier. Gaudin alibaki meya. Wapo wanaodhani hakulia sana kwa mrithi wake kupunguzwa urefu, ila hilo ni la kijiweni.

#19 Tarishi
Kila mtu hapa anapiga hesabu, hakuna anayetaja wafanyakazi wa jiji. Tangu enzi za Defferre chama cha wafanyakazi cha Force Ouvrière ndicho kilichokuwa kikitawala manispaa ya Marseille, Gaudin hakukigusa. Mfano mmoja ulikuwa utaratibu wa wazoa taka wa maliza-uende: ukimaliza mzunguko wako ulikuwa unaondoka, hata kama saa za zamu hazijaisha. Nini kinaharibika? Timu inakimbiza lori, mapipa ya nyuma yanaachwa, mifuko iliyopasuka haizolewi maana kila dakika ya kufagia ni dakika ya kuchelewa nyumbani. Upepo wa mistral ukivuma, takataka zote zinaishia baharini. Kuuondoa ni kutangaza vita, na meya anayetaka muhula wa tatu na wa nne hatangazi vita.

Machi 2022 akakiri kosa mahakamani, akahukumiwa kifungo cha miezi 6 cha nje na faini ya euro 10,000, kwa uzembe uliosababisha fedha za umma kupotea. Kesi ilihusu usimamizi wa saa za kazi za watumishi wa jiji. Huo ndio ufunguo wake kwa maoni yangu, Seneti ni kilemba tu.

#20 Bint Ngazija
Tarishi uko karibu, ongeza na mitaa. Marseille ina Wangazija makumi ya maelfu, wengi raia wa Ufaransa wenye kura, na vyama vyao vya vijiji ni vingi. Kila chama kinataka ukumbi wa sherehe, ruzuku ndogo, nafasi ya kazi ya jikoni shuleni kwa mmoja wao. Mgombea anayekuja kwenye ukumbi wa harusi Jumamosi usiku anajua anaongea na watu 400 mara moja. Ila tuseme haki: huko kaskazini ya jiji Wangazija wengi walikuwa mikononi mwa kushoto, kwa Guérini aliyeongoza departementi 1998 hadi 2015 na kwa Samia Ghali, seneta wa kushoto. Gaudin alikuwa na wake, wao walikuwa na wao. Kugawana huko ndiko kulikomtuliza kila mtu.

#21 Mwalimu wa Jioni
Hapo nakuunga mkono. Jiji kwa kulia, departementi kwa kushoto, mkoa kwa kushoto tangu 1998, na kila mmoja anagharamia mradi wa mwenzake. Wanaomsifu kwa Euroméditerranée, mradi wa kufufua eneo la bandari, wakumbuke ni chombo cha serikali kuu, kilianza 1995 kwa mipango ya enzi za meya Robert Vigouroux, hekta 310 mwanzoni, zikaongezwa 170 mwaka 2007. Jumba la makumbusho la MuCEM, 2013, ni la taifa. Ila tramu ya 2007 ilizinduliwa enzi zake.

#22 Chopa
Na uwanja wa mpira wa Vélodrome je? Viti 67,000, paa juu, 2014. Hilo nalo mtamnyima?

#23 Tarishi
Uliza lililipwaje: kwa mkataba wa ubia na kampuni binafsi, jiji linalipa kidogokidogo kwa miaka mingi. Aliupenda mtindo huo akataka kuzijenga upya shule 34 hivyohivyo, mkataba wa kama euro bilioni 1. Februari 2019 mahakama ya utawala ikaubatilisha. Uwanja ulipata paa, shule zikabaki na panya.

#24 Pwani Yetu
Turudi Seneti, maana 2017 ndiyo inayoonyesha alichothamini. Sheria ya 2014 ya kuzuia kurundika vyeo ilianza kazi 2017: seneta haruhusiwi kuwa meya, hata meya wa sekta. Bouches-du-Rhône ilikuwa na maseneta 8. Bruno Gilles aliachia umeya wa sekta ya 3, Samia Ghali aliachia ya 8, Stéphane Ravier wa FN aliachia ya 7. Wote watatu walichagua Seneti. Gaudin peke yake alichagua jiji, baada ya kuwa makamu wa rais wa Seneti kwa miaka mingi. Mleta uzi, mtu aliyeinuliwa na Seneti angeitupa?

#25 Mchambuzi wa Kura
Alikuwa na miaka karibu 78 na alishasema muhula huo ni wa mwisho. Kuachia Seneti hakukumgharimu kitu, na mwaka huohuo walifuta fungu la maseneta la kugawia miradi ya komine. Kilichobaki Paris ni viti vya velveti. Kabla ya hapo, treni ya kasi ya 2001 ilimfikisha Paris kwa saa 3 na kurudi kwake ilikuwa rahisi.

#26 Bint Ngazija
Mnaongea velveti. Tarehe 5 Novemba 2018, Rue d'Aubagne, mtaa wa Noailles, nyumba namba 63 na 65 zikaanguka, watu 8 wakafa, mmoja wao mama wa Kingazija. Namba 63 ilikuwa tupu na mali ya shirika la nyumba la jiji. Namba 65 ilikuwa ya wamiliki wengi wenye hisa za vyumba, na watu walikuwa wakiishi humo. Nyumba za pale zinashikana ukuta kwa ukuta. Moja ikiachwa wazi, maji yanaingia, mbao za sakafu zinaoza, ukuta wa pamoja unapoteza kilichokuwa kikiushika, na jirani yake anapasuka. Dalili zinajulikana: mlango haufungi tena, ufa unaongezeka, sakafu ya chini inavimba. Kauli ya kwanza ya jiji ikataja mvua kubwa.

Ripoti ya Christian Nicol ilikabidhiwa serikalini 2015: nyumba 40,000 zisizofaa, watu 100,000 ndani yake. Miaka mitatu kabla. Kesi ilianza Novemba 2024, miezi sita baada ya Gaudin kufa.

#27 Mwalimu wa Jioni
Mola awarehemu. Kisheria hatua ipo: meya hutoa amri ya hatari, watu wanahamishwa, mwenye nyumba anapewa muda, akikataa jiji linatengeneza na kumdai. Kwenye nyumba ya wamiliki wengi kila hatua inataka kikao, msimamizi, mtaalamu na fedha za pamoja ambazo hazipo. Idara yenye watu wachache inazama humo. Baada ya Novemba 2018 amri zikatoka kwa mamia, maelfu ya watu wakahamishwa. Maana yake uwezo wa kuzitoa ulikuwepo.

#28 Kalamu Nyekundu
Na 2020 wakalipa. Martine Vassal, mgombea wa kulia aliyemrithi Gaudin kwenye jiji-unganishi, akashindwa umeya. Tarehe 4 Julai akachaguliwa meya Michèle Rubirola wa kushoto, baada ya Ghali na kikundi chake kumpa kura. Mabaraza tena, mleta uzi atafurahi.

#29 Mchambuzi wa Kura
Nimefurahi 😂 ila #19 na #20 wamenipa kazi. Nani ana maelezo ya 1995? Hapo naona bahati tu: Vigouroux, aliyefagia sekta zote 8 mwaka 1989, hakugombea, na Tapie alikuwa amehukumiwa Mei ile kwa kununua mechi ya Olympique de Marseille (OM) na Valenciennes.

#30 Fundi Hesabu
Bahati inataka mtu aliyebaki kwenye foleni tangu 1983. Mkoa ulimpa ofisi, gari na watumishi kwa miaka yote aliyokuwa akisubiri.

Kwa wanaofuatilia chaguzi za sasa: sheria ya Agosti 2025 imefuta mashine ya #16. Marseille sasa kuna kura mbili, moja ya sekta na moja ya baraza la jiji zima, na nyongeza ya mshindi jijini imeshuka kutoka nusu ya viti hadi robo. Viti pia si 101 tena, ni 111.

#31 Chopa
Kwa hiyo wajumbe wa Seneti kutoka Marseille wanaongezeka kumi?

#32 Mjumbe Mstaafu
Madiwani kumi zaidi, ndiyo. Wale wa ziada wanafuata sensa, na hao ndio zaidi ya elfu.